Hedifoni Zisizoziba Kitu

Jumatatu, 3 Hidar

Nimenunua hedifoni sokoni Merkato. Kubwa, nyeusi, za kufunika sikio zima. Bei ya kutupwa. Muuzaji aliapa kwa Malaika Mikaeli: ukizivaa husikii hata radi. Nikamwamini. Mtu mzima, kazi yangu kuchapa mahojiano ya redio, nimesikia waongo wa kila aina — nikamwamini!

Nimeziwasha nyumbani. Kitaa cha buluu kikawaka. Sauti ya mwanamke humo ndani yake ikanigombeza kwa Kichina. Kisha nikasikia Mama akitwanga kahawa. Kuku wa jirani. Jirani akimtukana kuku. Kila kitu, na juu yake mvumo wa sufuria inayotaka kuchemka.

Jumanne, 4 Hidar

Zina faida moja lakini. Mama ametunga sheria: kitaa kikiwaka, nisisemeshwe. Eti hapo sisikii kitu. Sikumsahihisha. Nani anasahihisha amani? Tangu Baba afariki tunagandana humu sebuleni kutwa nzima. Leo nimekaa kwenye kona yangu kama malkia. Masikio yamepikika tu.

Jumatano, 5 Hidar

Mama Zenebech, jirani, amefuata harufu ya kahawa. Hajawahi kuikosa. Kikombe cha kwanza walizungumzia magoti na bei ya unga wa teff. Cha pili ndicho cha umbea, kila mtu anajua. Akaninyooshea kidole: na huyu je?

"Huyo gogo," Mama akasema. "Sema tu, shoga."

Gogo likaendelea kuchapa.

Kumbe Bwana Mekbib, mwenye kinu cha pilipili, anatuma wazee Jumapili kuja kuposa. Anataka neno kabla mfungo haujaingia. "Maskini, anapiga chafya kutwa," alisema Mama Zenebech, "na hana wa kumwambia afya!"

Kuposa! Kwetu! Mzee mwenye mvi hadi masikioni! Nilitaka kuruka. Gogo haliruki.

Alhamisi, 6 Hidar

Nimeandaa hotuba ya kukataa. Ina heshima mwanzoni. Mwishoni haina.

Ijumaa, 7 Hidar

Ijumaa, kahawa, Mama Zenebech. Na safari hii akauliza: "Sasa Askalech, wewe utawajibu nini?"

Askalech ni Mama.

Si mimi. Haijawahi kuwa mimi. Hotuba yangu nzuri yote!

Mama akacheka. Kicheko kile sijakisikia tangu msiba. Halafu akasema atawakatalia. "Nitamwachia nani yule? Haongei na mtu, amejiziba masikio kwa yale makopo. Nikiondoka atasahau hata kula."

"Kwani Mekbib unamtaka?"

Mama akamimina kikombe cha tatu, kile cha baraka. "Ananichekesha," akasema.

Makopo! Kusahau kula! Mimi, niliyemaliza bisi zote za kutafunia kahawa mbele yao! Nimeona hasira, na chini ya hasira aibu. Gabi ya Baba, shuka lake zito la pamba, bado inaning'inia nyuma ya mlango. Hakuna anayethubutu kuishusha, wala mimi.

Jumamosi, 8 Hidar

Hedifoni zimekufa. Nimezichaji usiku kucha, kitaa hakiwaki. Ngozi yake nayo inabanduka. Asubuhi Mama alinibandua vipande vyeusi shavuni, kimoja kimoja, kama anavyonisafisha uso tangu utotoni.

Ningeweza kusema. Mama, nasikia kila kitu. Maneno manne tu. Lakini nikinyamaza atakataa kesho, tutabaki wawili, kahawa, gabi, mambo yaleyale. Na mimi mambo yaleyale nayapenda. Nimeandika hivyo na nimejichukia.

Nimezivaa tena, hivyohivyo, zimekufa.

Jumapili, 9 Hidar

Wamekuja. Wazee watatu, mashuka meupe, bakora. Mimi niko kwenye kona yangu, hedifoni kichwani, naandika. Kazi ya Jumapili! Kana kwamba kuna redio yoyote inayonilipa leo.

Mama amewakaribisha viti. Wamekataa, kama desturi. "Hatuketi mpaka tupate neno." Mmoja magoti yanamtetemeka, Mungu amsamehe Mekbib kwa kuchagua wenye umri huu. Mama ameshasema buni za kahawa ziko motoni. Wamesimama.

Mkubwa wao anasema mjane hujijibia mwenyewe, lakini wangependa na baraka ya binti.

"Binti hasikii akivaa yale," Mama akajibu. Akageuka kunionyesha.

Akaganda.

Anatazama kile kitaa. Hakina hata cheche. Anatazama kalamu yangu, inayokimbia tangu walipoingia. Naona usoni mwake mawazo yanarudi nyuma: jana, juzi, vikombe vyote vya pili. Amekuwa mwekundu hadi shingoni, Mama yangu, kama msichana aliyefumaniwa.

Hakupaza sauti. Amesema taratibu, kama anayeomba chumvi:

"Mwanangu, wazee wamechoka kusimama. Niwaambie nini?"

Wote wananitazama. Buni zinaungua, nazisikia harufu. Yule wa magoti ameegemea mlango, na nyuma yake naliona pindo la gabi ya Baba.

Nazivua kwa mkono wa kushoto. Zimenasa kwenye nywele, bila shaka. Za bei ya kutupwa! Mama harudii swali. Anasubiri tu, na mimi bado naandika. Nikiweka kalamu nitasema: Mama, nasikia kila kitu, waambie ndiyo.