Kengele ya Msaada

Kwako Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumai wewe na Mama hamjambo, na kwamba kifua chake kimetulia. Mimi ni mzima wa mwili; roho ndiyo inayochemka. Barua hii nampa dereva wa mboga aifikishe mkononi mwako kabla ya hafla ya Ijumaa. Tafadhali isome ukiwa umekaa.

Ulinituma nifanye mazoezi ya masomo yangu katika hoteli ya watu wanaotunza wanyama na kuinua wanavijiji. Nimewaona, Baba. Mapokezi wametundika picha za watoto wetu wakicheka, chini yake wameandika kwamba tunakua pamoja. Wanaokua ni wao! Wanawake wa kijijini hufua mashuka banda la nyuma, na ni marufuku kupita mbele wasije wakaharibu mandhari. Meneja, ambaye jikoni tunamwita Bwana Mazingira, huwahutubia wageni juu ya pori lisiloguswa huku kiyoyozi chake kikinguruma kuliko simba.

Kilele cha unafiki huo ni chui. Wageni huambiwa kwamba kumwona ni bahati. Bahati gani! Kila jioni mpishi hutundika paja la mbuzi mtini, kisha hugonga kengele kuwaita wageni barazani. Mnyama ameshajifunza: kengele ikilia, nyama ipo. Hawindi tena, wala hamwogopi mtu. Mpishi hunitania kwamba huyo ndiye mfanyakazi pekee anayelishwa kwa wakati.

Sasa sikia. Kengele watakayoikabidhi shule yako ndiyo hiyohiyo. Wamejinunulia mpya, hii kuukuu wameipaka rangi ya dhahabu na kuiita msaada kwa jamii. Nawe utaigonga alfajiri, watoto wakivuka kijito gizani, na chui ataisikia!

Nilimweleza meneja. Akanijibu kwamba nimekuja kujifunza, si kufundisha, na kwamba hafla ikiahirishwa wafadhili watakosa picha. Nikamuuliza kama angeigonga penye watoto wake. Akasema wa kwake wanasoma mjini.

Najua ulivyoitamani kengele, wewe mwalimu mkuu uliyezeeka ukigonga kwa chuma rimu ya gari iliyotundikwa mtini. Kwa hiyo nakiri kwako kabla hujasikia kwa wengine: nimeuchomoa ulimi wake, kile chuma kinachogonga kwa ndani. Nimeuficha ndani ya soksi. Ijumaa utakapovuta kamba mbele ya wakubwa, haitalia.

Watakutazama wote. Ukitaka, waeleze sababu, maana hawatanisikiliza mimi bali wewe. Ukiona nimekuvunjia heshima, niite mbele ya wanafunzi wako. Nitakuja na ulimi huo mkononi nikukabidhi, nawe uigonge mwenyewe, huku ukiwatazama usoni.

Nisalimie Mama, na wadogo zangu waambie wasichelewe njiani. Ile rimu, Baba, usiishushe mtini.

Ni mimi mwanao mkaidi,
Kifunguamimba wako