Mashine ya Vifaranga kwenye Pombe ya Mama

Ihanja, mwezi wa saba

Dada Emiliana,

Shikamoo dada. Hujambo huko Rungwa? Shemeji Edward na nyuki wake wanaendeleaje, na yule mdogo ameshaacha kula udongo? Sisi tunapumua. Baridi ni kali, upepo unatujaza makapi mpaka kwenye chai, lakini tupo. Ningekupigia simu, ila ya kwenu inakatika kabla sijafika kwenye neno lenyewe, na nikipaza sauti mama atasikia. Haya sitaki ayasikie. Nimempa barua dereva wa lori la asali.

Dada, mimi nimeonewa! Naanza na hilo kwa sababu likikaa kifuani litanipasua.

Unaijua pombe ya mama ilivyokuwa. Watu walikuwa wanapita nyumba za wapishi wengine wanakuja kwake. Sasa tangu mwaka jana inatoka chachu tupu, nyepesi, haina utamu hata kidogo. Siku ya kujenga zizi watu walikunywa kopo moja moja, halafu wote kwa pamoja wakakumbuka wana wagonjwa nyumbani. Na sasa mtama umelala uwanjani unasubiri kupurwa, na kwetu hapa nani atashika fimbo bila pombe? Ikiharibika tena, tutapura mimi na mama tu, na kuku watamaliza nusu.

Mama analaumu mbegu. Akiacha mbegu analaumu macho ya watu. Akiacha macho anamlaumu Mama Joyce jirani, eti anapita karibu na chungu makusudi. Mimi nikamwambia hapana, shida ni joto. Nimesoma kwenye simu, dada, kuna watu duniani wanapika pombe nyumbani kama sisi na wanabishana kuhusu joto kama watu wa mpira! Uji ukiwa wa moto mno unaua nguvu ya kimea, hautageuka mtamu hata uusubiri mpaka Krismasi. Ukiwa wa baridi unachacha kabla ya wakati. Unatakiwa kukaa kwenye nyuzi sitini na tano, na ubaki hapohapo. Mama yeye anatumbukiza kidole, anasema sasa, kimea kinaingia. Ndivyo bibi alivyofanya, basi.

Nikatengeneza mashine. Nilikata pipa la chuma, nikajaza maji, nikaweka hita, sufuria ya uji ikakaa katikati ya maji ili usiungue. Nje nikazungushia sponji la godoro bovu. Halafu nikafunga kile kidude cha mashine ya kutotolesha vifaranga, kinachowasha na kuzima chenyewe joto likifika. Nilirukaruka uwanjani kama mwehu. Mzee Gaspari, mteja wetu yule mwenye mdomo, akauliza kama pombe itatoka na manyoya. Akaniuliza pia nitaanza lini kuvaa kitenge, maana kupika pombe ni kazi ya wanawake. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Nikavumilia.

Nikapika. Sitini na tano, imetulia kabisa. Nikaenda dukani mara moja, narudi nakuta mama amefungua, ametumbukiza kidole, ameona uji ni wa baridi, eti pombe ya maiti, amemimina uji unaochemka juu yake! Pombe ikafa. Na unajua alisema nini mbele ya watu? Kwamba mashine ya Ignas imeharibu mtama wake. Mashine yangu! Mama Joyce akalitembeza neno mpaka kwenye kwaya, na sasa nikipita wananiita Kifaranga. Mimi, dada, mtu niliyemtengenezea mchungaji spika!

Sikukubali. Aliposonga uji mwingine kwa njia yake, akatumbukiza kidole na kusema sasa, mimi nikachomeka kipimajoto. Themanini na tatu! Nikapiga kelele kwamba jamani, muuaji wa kimea ni huyu hapa. Mama akasema kidude changu kinadanganya. Nikamwambia basi arudishe kidole, akiweza, hapo hapo mbele ya Mzee Gaspari na wenzake. Nilikuwa na hasira, nilitaka aruke na watu waone.

Akakirudisha. Akakiacha humo. Akaendelea kunisema, jinsi nilivyofungua redio ya baba na sikuirudisha, jinsi nisivyooa, na kidole kipo ndani ya uji. Nikatumbukiza changu nimshinde, nikapiga yowe. Wakacheka, wakasema vijana wa siku hizi wana ngozi ya mtoto mchanga.

Mimi sikucheka, dada. Alipokitoa kilikuwa chekundu, na ngozi ya ncha imevimba, akakifuta kwenye kanga kama anafuta maji.

Watu walipoondoka nikamshika mikono kwa nguvu nikaigeuza. Imejaa makovu ya moto, mengine mapya. Alinisukuma, akanitukana Kinyaturu, halafu akakaa kwenye kinu akasema. Vidole vimekufa ganzi tangu mwaka jana. Na nyayo pia, anakanyaga kaa la moto hajui. Alificha kwa sababu watu wangesema ni ukoma, na nani atakunywa pombe iliyoshikwa na mkono huo? Alinikataza nisikwambie. Nimekwambia.

Nina hasira, dada, na sijui nimpe nani. Mwaka mzima tumeijadili pombe kama bunge, na hakuna aliyemtazama mpishi mikono. Hata mimi mwenye macho ya kuona waya uliokatika.

Nilimwambia twende hospitali, inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa kitu chenye dawa. Akagoma. Anasema daktari atamwambia aache kupika, na akiacha kupika yeye ni nani? Tumebishana siku nzima, mwisho tukapatana hivi: atakwenda ukija wewe kumpeleka. Lakini pombe ya kupura mtama nitaipika mimi na mashine, yeye atakaa pembeni na kutumbukiza kidole mbele ya watu. Nimekubali, ila uji ukishapoa.

Kwa hiyo Jumamosi watakunywa, itakuwa tamu, najua itakuwa tamu, na Mzee Gaspari atasema mkono wa mama umerudi, na mimi Kifaranga nitasimama pale na fimbo yangu nipure kimya. Mimi! Kunyamaza kwangu unakujua. Inaniuma, lakini nitanyamaza.

Panda gari la Itigi mara tu ukipata barua hii. Wape watoto mabusu yangu, na shemeji mwambie nampa shikamoo yake.

Mdogo wako anayekungoja barabarani,
Ignas