Ukitaka Kuvua, Vua

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba! Shikamoo yako imefika hapa mjini Penrith salama. Mama yako bado anakwenda kazini na barakoa yake, nami karantini imenifanya mlinzi wa kuku.

Barua nimeisoma mara tatu, Kiswahili kitupu, nikamsomea na jirani! Unauliza kwa nini, kabla hatujafungiwa, ulikwenda milimani kuvua samaki aina ya trauti kwa ndoano yenye nzi bandia wa manyoya, ukatoka kapa. Unasema theluji ilikuwa kidogo na mto umekauka nusu.

Nilipokuwa msichana, mwaka mmoja theluji ya Kilimanjaro ilipungua, mto wetu ukafika magotini. Baba yangu, aliyewaongoza wavuvi wageni, akaniambia, "Ukitaka kuvua, vua." Nikacheka, nikidhani amejikanyaga ulimi. Akaninyooshea kidole viatuni. Maji yakiwa machache, trauti husikia kila kishindo. Nikavivua, nikanyata, nikapiga magoti, nikarusha nzi. Nilimtoa trauti wa kwanza siku ile, mbele ya wageni waliovaa mabuti!

Wakitufungulia, twende wote. Kuvua viatu naweza, na magoti nitapiga. Kazi yako itakuwa kuninyanyua.

Bibi yako