Bunduki Iliyomo Kwenye Kompyuta

Jumanne, kwa mshumaa

Yote haya kwa sababu ya mbawala asiye na nyama! Saa nzima nilimnyatia katika ule mchezo wa kuwinda wa kwenye kompyuta, huku nimebana pumzi. Ndio utamu wake. Upepo ukageuka, akaninusa, akatoroka. Nikafyatua kwa hasira, sauti ikiwa juu kabisa.

Jioni mkuu wa mtaa akabisha. "Papa, bantu banasema uko na bunduki mu nyumba."

Mke wangu akacheka, akaonyesha kompyuta. "Shefu, iko mu ordinateur!"

"Basi, munionyeshe."

Umeme ulikuwa umekatika.

"Kesho asubuyi nitarudia na bapolisi."

Wakubwa ninaowashambulia gazetini walikuwa wakitafuta sababu tu ya kunifunga. Naogopa.

Katika mchezo, nikikosa naanza upya.

Umeme bado haujarudi.