Pini Yenye Kichwa Chekundu

Shoga uko wapi, pokea simu basi! Binti yangu amemeza pini. Pini ya kushonea, ile yenye kichwa chekundu!

Nilikuwa nakunja pindo la gauni la mteja, pini nne nimezibana midomoni kama kawaida yangu. Kugeuka hivi, mtoto yuko chini ya cherehani, naye kabana zake midomoni, anamshonea mwanasesere wake!

Nikapiga ukelele. Kumbe ndiyo nimeharibu. Akashtuka, akavuta pumzi, moja ikaenda.

Mama mkwe huyoo mbio na mkate, eti tuisukume ishuke. Nikakataa. Tumemkimbiza hospitali, na daktari anasema ningempa, ingemchoma zaidi. Asile, asinywe, asitapishwe.

Nimeiona kwenye picha ya eksirei. Imesimama kooni, wima. Wanataka wamlaze usingizi waitoe kwa mpira wenye kamera.

Halafu daktari akamuuliza, "Nani kakufundisha kuweka pini mdomoni?" Shoga, mtoto akaninyooshea kidole, anajisifu kabisa, na sauti yenyewe inakwaruza: "Mama. Na mimi fundi."

Na mimi fundi! Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa hivi nesi kaniletea fomu nisaini ndipo wamwingize. Nimesaini, namrudishia, hapokei. Ananitazama tu. Kisha akanikingia kiganja chini ya kidevu, kama unavyomfanyia mtoto.

Kifuniko cha kalamu, shoga. Nilikuwa nimekibana midomoni.