Maneno Manane ya Lusweti

Lucky Summer, Nairobi
Alhamisi, 2 Oktoba 2025

Kwako Dada Nabalayo,

Leo natimiza miaka kumi na moja na miezi minne tangu nitoke Chwele na begi moja la nguo na lile blanketi lako la kijani. Nakusalimu wewe kwanza, halafu watoto, halafu mama mkwe wako, ingawa najua hataki kusikia jina la mtu yeyote wa Nairobi. Mguu wako unaendeleaje? Ile dawa ya kupaka niliyompa Triza mwezi wa saba ilisaidia? Mimi ni mzima. Mgongo unauma kwa sababu ya magunia, lakini huo ni mgongo wa kila siku, hauna habari mpya.

Naandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Kila nikipiga unaongeza sauti ili wote waliokaa uani wasikie, na haya si maneno ya uani. Triza anasafiri tena kesho kuja huko. Nimemwambia akupe barua hii mkononi. Isome peke yako.

Najua unachouliza. Unauliza kwa nini mume wako yuko mochari siku ya ishirini na mbili leo, wakati chama chetu kiliundwa kwa ajili ya jambo hilo moja tu: mtu wetu akifia Nairobi, arudishwe kwao azikwe. Tumewarudisha watu tisa. Wa tisa alikuwa mume wa Mama Kezia, na Lusweti wako mwenyewe ndiye aliyekaa na jeneza nyuma ya gari usiku kucha mpaka Webuye. Sasa zamu yake imefika na hakuna wa kumsindikiza. Nina hasira, dada, hasira ambayo hata kubeba gunia hakuimalizi. Wacha nikueleze ilivyoanza.

Unalikumbuka lile sanduku letu la chuma. Lilikuwa mtaani Jericho, chini ya kitanda cha Mzee Kweyu, mwenyekiti wetu, ambaye alistaafu kazi ya kanjo, ya baraza la jiji. Lilikuwa na kufuli tatu. Ufunguo mmoja alikuwa nao Kweyu, mmoja Lusweti kama mweka hazina, na mmoja mimi. Bila sisi watatu kukutana halifunguki. Mwaka wa 2019 nilipoteza wangu. Willis, mwanachama mwenzetu, akaja na msumeno, akakata kufuli dakika kumi, nikatozwa faini ya shilingi mia mbili. Faini haikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba kwa mwaka mzima waliniita Bwana Msumeno, hata watoto wa Willis, hata kanisani. Shika hilo la msumeno, nitalirudia.

Mwanzoni mwa mwaka jana Phares akaja na habari zake. Phares ni yule mume wa Carolyne, mwenye kibanda cha kutengeneza simu hapa Lucky Summer. Alisema pesa zetu zinaoza sandukuni. Akauliza gari la kubeba maiti mpaka Bungoma lilikuwa bei gani mwaka wa sanduku kununuliwa, na sasa ni bei gani. Hakuna aliyebisha, kwa sababu ilikuwa kweli: noti zilikuwa zile zile na gari lilikuwa limepanda karibu mara mbili. Watu wakataja benki, na Mama Kezia akakumbusha jinsi alivyosubiri sahihi na mihuri siku sita ili apewe akiba ya mumewe, mwenyewe akiwa amelala kwenye barafu. Ndipo Phares akatutajia bitkoini. Alisema ni pesa isiyo na serikali ya kuichapisha ovyo, haishikwi na mwizi wa Jericho wala haimsubiri karani wa benki.

Mume wako alikataa. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine yote, kwa sababu wanaomtukana leo walikuwepo wakamsikia. Alisimama na kofia yake mkononi, akasema, "Phares, benki ikininyima pesa yangu naenda kupiga kelele mlangoni kwao mpaka meneja atoke. Hii yako ikikwama, nikapige kelele mlango wa nani?"

Phares akacheka. "Haina mlango, mzee wangu. Ndiyo maana haiibiwi."

Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Tukainua mikono, na Lusweti akashindwa. Alivyo, hakununa. Alileta ufunguo wake, tukafungua sanduku kwa mara ya mwisho, tukahesabu laki tatu na elfu themanini, na Phares akazinunulia hiyo bitkoini mbele yetu.

Sasa sikia tulichofanya. Phares alieleza kwamba pesa hiyo inafunguliwa kwa maneno ishirini na manne ya Kiingereza, maneno ya kawaida tu, yakifuatana kwa mpangilio wake. Mwenye yote ndiye mwenye pesa. Aliyekosa hata sehemu yake hana kitu. Alitushauri tuyaandike yote mara mbili, nakala moja ikae Nairobi na nyingine kwa padri huko nyumbani. Tulikataa kama watu mia. Tulimwambia pesa ya chama hiki haijawahi kufunguliwa na mtu mmoja na haitaanza leo, hata kwa padri. Mzee Kweyu akachukua mkasi, akaikata karatasi ambayo Phares alikuwa ameyaandika vipande vitatu, maneno manane kwa kila kipande, akatugawia wale wale watatu wa funguo. Phares alitikisa kichwa. Tukamwona kama mtu aliyekosa nafasi ya kutuibia.

Hata hivyo alituomba jambo moja. Alisema ataiacha pesa ionekane na kufunguka kwenye simu ya chama kwa muda wa majaribio, na siku tukiwa na hakika kila mtu ametunza kipande chake, ataifuta kwenye simu ili mwizi wa simu asipate kitu. Aliifuta Januari mwaka huu, katika mkutano. Siku hiyo pia nitairudia.

Tarehe kumi Septemba mume wako alianguka kwenye foleni ya asubuhi, nje ya geti la kiwanda. Nilikuwa watu watatu nyuma yake. Nilimshika kichwa. Msimamizi alitoka, akaangalia, akasema hakuwa ameandikwa kwa siku hiyo, kwa hiyo si mtu wao. Miaka minane amebeba magunia yao ya plastiki, na kwa sababu alikufa hatua kumi kabla ya daftari, si mtu wao. Nilitaka kumpiga yule mtu. Sikumpiga, kwa sababu kesho yake ningehitaji kuandikwa.

Chama kikakutana jioni hiyo hiyo kwa Kweyu. Kweyu alileta kipande chake. Mimi nilisema changu kipo, tutafute kwanza cha marehemu. Wakaenda chumbani kwa Lusweti, wakafungua Biblia yake, maana wote walijua ndimo alimokiweka. Hakikuwemo. Wakapasua mto, wakapasua godoro, wakang'oa hata jalada la Biblia. Kisha Willis na wenzake wawili wakapanda gari kuja kwako, wakapekua kabati lako na madaftari ya watoto wakati wewe umesimama uani na nguo za msiba. Uliponisimulia kwa simu hukulia. Uliniuliza tu kama mumeo alikuwa mwizi. Nami nikakujibu kwamba mtandao ni mbaya, sikusikii.

Kinachotutia wazimu ni kwamba pesa ipo. Phares akibonyeza simu yake tunaiona, kwa shilingi zetu sasa imefika karibu laki nane. Imezaa zaidi ya mara mbili, pale pale ilipo. Alisema kweli, haiibiwi. Wala haiombwi. Mtu akifa na pesa benki, mjane anapeleka cheti cha kifo, anapeleka barua ya chifu, anasumbuliwa, analia, mwishowe anapewa. Ya simu vivyo hivyo, unaenda na kitambulisho na mtu nyuma ya kaunta anakuuliza maswali. Niliwatukana makarani maisha yangu yote. Leo ningempigia magoti karani mmoja tu, hata mla rushwa, mradi awe na masikio. Hii ya Phares haijui kwamba kuna kufa. Chama cha kuzika watu, na tukaweka pesa mahali pasipojua kufa.

Kwa hiyo wamekasirika, na hasira yao wameimwaga juu ya maiti. Isipokuwa Mama Kezia, wote wamekataa kuchanga hata shilingi. Willis alisema mbele ya wote, "Akae huko mochari mpaka aseme alipoyaweka." Na watu wakacheka, dada. Watu aliowabebea jamaa zao.

Nimemlaani Phares kurasa hizi zote kichwani kabla sijashika kalamu. Nimemlaani Kweyu na mkasi wake, Willis na mdomo wake, na yule msimamizi wa geti. Sasa wamekwisha, nimebaki mimi.

Unakumbuka mvua za Aprili mwaka jana, mto ulipofurika kule Mathare nilikokaa kabla ya kuhamia huku. Maji yaliingia asubuhi. Nilitoka na godoro, jiko na begi. Kipande changu nilikuwa nimekichomeka kwenye ufa kati ya mbao na bati, juu ya mlango. Niliporudi kukitafuta hapakuwa na ufa wala mlango, hata ile safu ya nyumba haikuwepo tena. Sikumwambia mtu. Nilijua nitatozwa faini, na nilijua jina Bwana Msumeno litarudi. Nikajiambia siku ikifika Phares ataikata tu, kama Willis alivyokata kufuli. Mimi niliishia darasa la sita. Sikujua kuna kufuli isiyokatwa.

Januari, kabla ya kufuta, Phares alituuliza mmoja mmoja. Alisema kama kuna aliyepoteza aseme sasa, kwa sababu kwa sasa bado anaweza kutuandikia upya, akishafuta hakuna wa kutusaidia. Kweyu alisema anacho. Lusweti alipapasa Biblia yake akasema anacho. Willis alikuwa ameketi mbele yangu, akageuka akaniangalia, tayari anatabasamu. Nikasema ninacho.

Phares akafuta. Tukapiga makofi.

Na bado si hilo lililo baya kuliko yote. Siku Lusweti alipokufa, mimi ndiye niliyetumwa chumbani kwake mchana kuchukua nguo za kumvalisha, kabla ya wengine kwenda. Nilifungua Biblia. Kipande kilikuwepo, kwenye Zaburi, kimekunjwa mara moja, kisafi kama siku aliyopewa. Nikafikiri: hiki kikipatikana, wataniomba changu. Nikakitia mfukoni. Jioni wakakuta Biblia tupu, nami nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwamulikia kwa simu yangu.

Kwa hiyo jibu la swali uliloniuliza kwa simu ni hili: mume wako hakuwa mwizi. Alikataa pesa ile, na aliposhindwa aliitunza kuliko sisi wote. Mwizi ni mdogo wako. Niliiba jina lake ili kuficha jina la utani.

Nimeyauza mabati yangu thelathini niliyoyaweka kwako, yale ya nyumba niliyosema nitajenga. Mwalimu Wanyonyi atakuja kuyachukua Jumamosi, usimzuie. Bei yake pamoja na mchango wa Mama Kezia inatosha mochari na nusu ya gari. Nusu nyingine dereva amekubali kungoja. Jumapili hii nitasimama kwa Mzee Kweyu niyaseme yote haya mbele ya watu thelathini. Nilitaka uyasikie kwangu kabla yao. Sitakudanganya kwamba nitawalipa, laki nane siwezi hata nikibeba magunia mpaka nife. Watafanya wanavyotaka kunifanya.

Humu ndani utakuta karatasi ndogo. Ni maneno manane ya Lusweti, kwa mwandiko wa Phares. Hayafungui kitu tena. Lakini wale waliopekua nyumba yako wakirudi, au mama mkwe wako akisema neno, watolee. Na watoto wakikua waonyeshe kwamba baba yao alikabidhiwa kitu akakitunza.

Wasalimie watoto, hasa Lorraine, umwambie baba yake alikuwa ameshamnunulia viatu vya shule, vimo kwenye begi langu. Msalimie mama mkwe wako hata kama hataitikia. Msinipikie chochote, na usiwaruhusu watu wanipe mkono kabla hujaamua wewe mwenyewe kama utanipa wako.

Tutaondoka Ijumaa jioni tarehe kumi, mimi nyuma kando yake kama alivyowakalia wengine. Tutafika Chwele Jumamosi tarehe kumi na moja, kabla jua halijachomoza. Sitarudi Nairobi.

Ni mimi mdogo wako,
Nalianya