Herufi Tatu za Mwisho

Dada yangu,

Sisi wazima. Mtoto kang'oka jino la mbele na ameniamuru nikuandikie hilo kwanza.

Umeniuliza tena msimbo wa benki wa kupokelea pesa kutoka nje, kwa kuwa ule wa zamani umekataa. Nimeuandika nyuma ya karatasi hii. Ukiulinganisha na wa zamani utaona mwanzo ni uleule, zimebadilika herufi tatu za mwisho tu. Nilitaka nikupe ninyamaze, lakini wewe umekaa kaunta ya benki miaka sita, unajua hizo tatu ndizo zinazotaja tawi.

Basi ndiyo, nimehama mji. Shemeji yako nilimwacha tangu mwezi wa tatu. Nilibeba mtoto na cherehani, tukapanga chumba nyuma ya duka la kinyozi. Zile picha za sebuleni nilizokuwa nakutumia zilikuwa za zamani. Nisamehe.

Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Na pesa usitume, cherehani inatulisha. Ila ukija likizo, dada, usiende kule. Njoo kwenye hizo herufi tatu.

Ni mimi, mdogo wako mbishi.